Tuzae Lini, na kwa Radhi ya Nani?

Mwezi uliopita shughuli za Chama zilitufikisha Mikumi, katika Wilaya ya Kilosa, mji ule uliojipanga kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Msafiri atokaye Dar es Salaam, akisha kuvuka zile kilometa 50 za hifadhi ya wanyama, hushuka hapo kunyoosha miguu, kunywa chai na kutazama magurudumu. Tulihudhuria mkutano wa tawi. Yalizungumzwa mambo ya kawaida: tembo walioingia mashambani, kadi za uanachama, madawati ya shule. Ilipofika zamu ya mengineyo, akasimama kijana mmoja, fundi wa matairi, akauliza swali ambalo hatukulitazamia.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "mimi na mke wangu tumo katika mwaka wa tatu wa ndoa. Tumekubaliana kwa hiari yetu tusizae kwanza, mpaka tuone mambo yanaelekea wapi. Nyumbani tunaitwa majina. Wengine wanasema tumefungwa, wengine wanasema tunaringa. Nauliza, je, tunakosea?"

Watu walicheka. Mwenyekiti, mtu mpole, alisema mambo ya chumbani hayana kifungu katika kanuni za mkutano, akataka kufunga. Hapo ndipo akainuka mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, akaomba ruhusa, akasema kwamba yeye ni mjomba wa huyo binti anayetajwa, na kwamba kama kijana amelileta neno mbele ya watu, naye atalijibu mbele ya watu. Kicheko kikakoma.

Asiye mwenyeji wa huku atashangaa kwa nini alisimama mjomba wala si baba. Wasagara, Wavidunda, Wakaguru, na jirani zao Waluguru, tangu asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake; baba humpenda na kumlea, lakini jina la nyumba, na mara nyingi ardhi pia, hufuata upande wa mama. Kwa hiyo mwanamke asipozaa, si mume aliyepungukiwa peke yake. Nyumba ya mama yake ndiyo inayofikia mwisho. Mzee yule alieleza bila ya kupandisha sauti kwamba dada yake alizaa watoto watano, wakabaki wawili, na wa kike ni mmoja tu, ndiye huyu. "Sisemi azae kumi," alisema. "Nasema asituzime."

Mkutano ulifungwa, watu wakatawanyika, na swali la kijana halikujibiwa. Sisi twaona lilistahili jibu. Maana si kijana huyo peke yake. Katika Kilosa, Morogoro, Dar es Salaam na kwingineko, wafanyakazi vijana wanaulizana neno hilohilo kwa sauti ya chini, na wakiliuliza kwa sauti ya juu huambiwa ama wamepotoka kwa kuiga Wazungu, ama ni wavivu. Jambo linalogusa nyumba, mshahara na ardhi ya mfanyakazi lisipokuwa jambo la Chama, hatujui jambo la Chama ni lipi.

Na tuanze kwa kumtendea haki kijana. Hakusema kwamba hataki watoto. Baada ya mkutano tulikaa naye nje ya kibanda chake, akatuhesabia. Yeye hulipwa kwa siku, gari likija. Mkewe anafanya kazi katika nyumba ya wageni, bila ya mkataba wa maandishi, na mwenzake mmoja aliyepata mimba alibadilishwa na mtu mwingine kabla hata tumbo halijaonekana vizuri. Shamba walilo nalo ni la kukodi. Wazazi wake mwenyewe waliishi Kilosa mjini usiku ule wa Desemba 2009 ambapo Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, na yeye, akiwa mtoto wa shule, alilala katika mahema pamoja na maelfu ya wengine. Zaidi ya watu elfu ishirini waliathirika katika mafuriko yale; reli ilizolewa, na safari za garimoshi kwenda bara zikasimama kwa miezi. "Mimi nimeshawahi kuwa mtoto wa mahema," alituambia. "Najua jambo ninaloliogopa."

Mtu anayesema hivyo haringi. Wala mafuriko siyo hofu pekee ya wilaya hii. Desemba 2000, katika Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliishia katika mauaji ya watu 38. Tangu siku zile ardhi imezidi kubanwa kati ya mashamba makubwa ya katani, ambayo mengine yalikaa miaka mingi bila ya kulimwa, hifadhi, mifugo na jembe la mkono. Ukiongeza mvua zisizojulikana lini zitakuja wala lini zitakoma, utaona kwamba kijana akisema dunia haieleweki hasomi gazeti la ng'ambo. Anatazama mlangoni kwake.

Wazee hujibu kwamba wao na baba zao walizaa katika dunia iliyokuwa mbaya zaidi. Ni kweli, wala haifai kulipuuza jibu hilo. Bonde la Mkondoa lilikuwa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa kutoka bara kwenda pwani. Mwaka 1905 Wavidunda waliinuka katika vita vya Majimaji, Kilosa yenyewe ikashambuliwa, na baada ya vita ilikuja njaa ambayo Wajerumani walizidi kuikaza kwa kuchoma vyakula. Katikati ya hayo yote watu walizaa. Lau wangalingoja mambo yatulie, hapana hata mmoja wetu angalikuwako leo kuandika wala kusoma maneno haya.

Walakini wazee husahau sehemu ya pili ya hesabu yao. Walizaa wengi kwa kuwa walizika wengi. Mzee wetu wa Mikumi aliitamka hesabu hiyo mwenyewe: watano wakabaki wawili. Haikuwa ajabu. Hata mwaka 1999, si zamani sana, uchunguzi wa afya nchini ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Tusomeni tarakimu hizo polepole. Ndani ya miaka ishirini na mitatu, chanjo, vyandarua, maji na wauguzi wa vijijini wamefanya kazi ambayo zamani ilifanywa na uzazi wa mfululizo. Mwanamke wa leo anayezaa watatu ana tumaini la kuwaona watatu wakiwa watu wazima, na mama yake hakuwa na tumaini hilo. Basi kumwambia azae kwa hesabu ya bibi yake ni sawa na kumwambia mkulima mwenye mbegu nzuri amwage debe tatu katika shimo moja kwa sababu babu yake aliibiwa na ndege.

Watu wenyewe wameshalitambua jambo hili pasipo kuhutubiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikadiriwa kuzaa zaidi ya watoto sita maishani mwake. Mwaka 2022 ni 4.8, na mijini ni pungufu ya hapo. Mwendo ni wa taratibu, lakini hauna amri nyuma yake. Ni uamuzi wa nyumba moja moja.

Sasa tuseme juu ya viongozi, maana mfanyakazi ana haki ya kutuuliza Chama kimesema nini. Jibu la kweli ni kwamba kwa nyakati mbalimbali kimesema zaidi ya neno moja. Chama cha uzazi bora, ambacho leo twakiita UMATI, kilianza mwaka 1959, kabla hatujapata hata Uhuru. Mwaka 1969, alipoutangaza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa miaka mitano mbele ya TANU, Mwalimu Nyerere alionya kwamba kuongezeka kwa watu ni jambo jema katika nchi pana, lakini wanaoongezeka huja wakiwa watoto wachanga, si wafanyakazi, na kwamba kuzaa tumeshirikiana na wanyama, ila kulea na kuelimisha ni wajibu wa binadamu peke yake. Mwaka 1992 Serikali ilitoa sera ya idadi ya watu, ikairudia mwaka 2006. Kisha mwaka 2018, akiwa Meatu, na tena mwaka 2019, akiwa Chato, Hayati Rais Magufuli aliwahimiza wananchi waache kupanga uzazi, wazae, kwani wingi wa watu ni nguvu ya uchumi. Leo zahanati zinaendelea kutoa huduma hiyo na sera haijafutwa.

Hatuandiki hayo ili kumshitaki yeyote. Kila mmoja wao alikuwa akiitazama nchi, na nchi ina sura nyingi. Aliyetazama ardhi tupu na viwanda visivyo na wanunuzi aliona watu ni wachache. Aliyetazama darasa la wanafunzi mia na ishirini aliona ni wengi. Lakini twasema wazi kwamba taifa halibebi mimba. Taifa halikeshi na mtoto mwenye homa. Kiongozi akisema "zaeni" au akisema "msizae", maneno yake hayamnunulii mtu maziwa, na kwa hiyo hayapasi kuwa zaidi ya ushauri.

Waliojaribu kuyafanya kuwa amri wametupa somo. China iliwabana watu wake wazae mtoto mmoja mmoja kuanzia mwisho wa miaka ya 1970; ikaifuta amri hiyo mwaka 2015, na mwaka 2021 ikawaruhusu wazae watatu. Vijana hawakuitika. Korea ya Kusini, ambayo miaka ya 1960 ilihimiza uzazi upungue, mwaka 2023 ilifikia kiwango cha watoto 0.72 kwa kila mwanamke, na fedha nyingi zinazogawiwa wazazi hazijawarudisha watu katika uzazi wa zamani. Sisi hatuko huko, wala haitupasi kuigiza vilio vya nyumba tusiyokaa. Sensa ya mwaka 1967 ilituhesabu milioni 12 na ushei. Ya mwaka 2022 ilituhesabu 61,741,120. Mkoa wa Morogoro peke yake ulitoka watu 2,218,492 mwaka 2012 ukafika 3,197,104 mwaka 2022. Taifa linakua kwa asilimia 3.2 kila mwaka, na kwa mwendo huo hujirudufu katika muda wa miaka kama ishirini na miwili. Anayehofu kwamba fundi mmoja wa matairi wa Mikumi atalimaliza taifa kwa kungoja miaka miwili na alale usingizi.

Tukirudi kwa mfanyakazi, jambo linalotuuma zaidi ni hili. Nani anayelipa gharama ya mtoto? Katika mashamba ya katani ya Kilosa enzi za mkoloni, mamanamba waliletwa kutoka Songea, Kigoma na nchi za jirani, na tangu mwaka 1944 kulikuwa na ofisi maalum ya wenye mashamba ya kuwaandikisha, SILABU. Mshahara wao ulipangwa kama kwamba mtu hana mke wala mtoto. Ilichukuliwa kwamba huko alikotoka kuna mwanamke anayelima, naye ndiye atakayewalisha wadogo. Kazi ya mtu mmoja ililipwa, na kazi ya yule wa pili, aliyezaa na kulea wafanyakazi wa kesho, haikulipwa na mtu.

Je, tumeiacha hesabu hiyo? Katika utumishi wa umma yapo yaliyotendeka. Mei Mosi ya mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Lakini kima cha chini cha kilimo, katika amri iliyoanza Januari 2023, kilikuwa shilingi 140,000. Hata viwango vikipandishwa tena na tena, fundi wetu na mkewe hawamo ndani ya amri yoyote, kwa kuwa hakuna anayewaandika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni sheria nzuri. Inampa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Inampa nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Inamtaka mwajiri atoe likizo hiyo mara nne. Baba amepewa siku tatu. (Siku tatu! Mwenye kufiwa na jamaa hukaa matangani zaidi ya hapo.) Hata hivyo, sheria hiyo humlinda yule anayejulikana kuwa ameajiriwa. Msichana wa nyumba ya wageni, mama lishe wa stendi, kibarua wa msimu katika mashamba ya miwa: kwao mimba ni barua ya kufukuzwa kazi. Mwanamke wa namna hiyo akisema "bado", anazungumza uchumi, na vyama vya wafanyakazi vingefaa kumsikiliza kabla ya mjomba wake.

Kuna jambo jingine, ambalo wanaume wengi katika mikutano yetu hulipitia mbali. Tunazungumza juu ya kuamua kana kwamba kila mtu huamua. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za kupanga uzazi ni 31 katika kila 100, na karibu mmoja kati ya watano angependa kungoja au kukoma, naye hatumii njia yoyote. Wapo wanaoogopa sindano na vijiti kwa maneno ya mitaani. Wapo ambao zahanati yao ina alama ya nyota ya kijani mlangoni na kabati tupu ndani. Na wapo, hawa twawajua sisi sote, ambao huificha kadi ya kliniki katika pipa la unga ili mume asiione. Na katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Hao hawakuamua kitu. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, nasi tuliipokea ruhusa hiyo kwa furaha, lakini mlango kufunguliwa siyo sawa na mtu kupata wa kumwachia mtoto akaingia.

Tukumbuke pia wale ambao swali hili huwachoma kwa namna nyingine, waliotaka watoto wasipate. Katika nchi ya ukoo wa mama, kama vile katika ile ya ukoo wa baba, mtu wa namna hiyo husimangwa na watoto wa jirani. Kila tunapohubiri kwamba kuzaa ni uzalendo tunawapiga mawe hao.

Basi twamjibu kijana kwamba hakukosea. Kungoja kwa watu wawili waliokubaliana, wenye kujua sababu yao, ni jambo la heshima kuliko kuzaa kwa kuogopa maneno. Ila twamwambia na jambo moja ambalo huenda hatalipenda. Asingoje mpaka dunia itulie, kwa kuwa haitatulia. Reli mpya ya umeme imeanza kupita Kilosa tangu mwaka 2024, ikipasua milima ambayo wapagazi waliizunguka kwa siku nyingi, na mto uleule bado unapita chini yake na bado unajaa. Mtu akitaka uhakika kwanza, atazeeka akiungoja. Bali kuna tofauti kubwa kati ya kuungoja uhakika na kungoja mkataba wa kazi, chumba kisichovuja na shamba lenye hati. Hivyo vya pili vyapatikana, na vingine ni deni letu kwake.

Kwa maana hiyo hatuwezi kumwambia "zaa" wala "ngoja" huku mikono yetu ikiwa mitupu. Halmashauri ziulizwe kuna wakunga wangapi katika kila zahanati na dawa za uzazi wa mpango zilikosekana kwa siku ngapi. Wakaguzi wa kazi waingie katika nyumba za wageni za barabara kuu, si viwandani tu. Tuta la Mkondoa litazamwe kabla ya mvua, maana mwaka 2009 lilitazamwa baada yake. Na tawi la Mikumi lisiogope kuliweka swali hili katika ajenda, lenye nambari yake, mbali na mengineyo.

Kuhusu mjomba, tulimkuta asubuhi ya pili stendi, amekaa juu ya gunia la mahindi akingoja gari. Tulimsalimu shikamoo, akatuitikia, akatukaribisha tukae. Tulimwuliza kama bado ana hasira na mkwewe. Alisema hana hasira. Usiku alikuwa amewaza, akakumbuka kwamba dada yake, marehemu sasa, wa nne alipokufa alimwambia kwamba laiti angaliweza kupumzika mwaka mmoja. Wakati ule hakujua amjibu nini. Kisha akatuuliza kama ni kweli vile vijiti vinatolewa mtu akivitaka vitoke, na mwanamke akazaa kama kawaida. Tukamwambia ndiyo, ni kweli, lakini ni vyema akamwulize mwuguzi, kwani sisi ni watu wa gazeti. Gari lilipofika hakupanda. Alimwomba kijana mmoja amtazamie gunia, akavuka barabara kuelekea zahanati.